Mkata Kuni Hakuimaliza Barafu ya Kilimanjaro

Mwezi uliopita niliketi katika ukumbi wa hoteli moja, kwenye warsha ya siku mbili juu ya mabadiliko ya tabianchi. Mtoa mada alikuwa mtu mwenye cheo na mwenye ulimi. Alituonyesha picha mbili za Kibo: ya zamani, mlima umevaa kilemba cheupe; ya karibuni, kipara cheusi chenye mabaka machache ya barafu. Halafu ikaja picha ya tatu: mama mmoja katika njia ya msituni, shingo imekakamaa kwa uzito wa mzigo wa kuni kichwani. Mtoa mada akanyamaza kidogo ili picha itue, kisha akasema: kikulacho ki nguoni mwako. Ukumbi ukampigia makofi, tukatoka kwenda kunywa chai.

Mimi sikupiga makofi. Lakini pia sikunyosha mkono, na hilo ndilo linalonisuta hadi leo. Nina shahada ya uzamivu, nafundisha siasa ya maliasili, na mshahara wangu hutoka katika kodi ya watu, akiwamo mama yule. Nilikuwa na wajibu wa kusimama na kusema kwamba alikuwa akisingiziwa. Nilinyamaza kwa heshima ya ukumbi na, niwe mkweli, kwa sababu karatasi ya kusaini posho ilikuwa haijafika mezani kwetu.

Nieleweke mapema, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wa maofisini wameshaanza kukunja uso. Siutetei ukataji wa misitu. Msitu wa Kilimanjaro ni uhai wa mamia ya maelfu ya watu, na nitaurudia huko mbele. Ninachokipinga ni dai moja mahususi, lililorudiwa hadi likawa kama aya ya kitabu kitakatifu: kwamba barafu ya Kibo inaisha kwa sababu wanakijiji wanakata miti. Dai hili lina kasoro ya kisayansi, na lina ubaya wa kisiasa ulio mkubwa kuliko kasoro hiyo.

Tuanze na mlima wenyewe. Kibo hufika mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Msitu mnene huishia karibu na mita 3,000. Kati ya mti wa mwisho mrefu na ukingo wa barafu ya juu kuna kilomita mbili na zaidi za kupanda: vichaka, nyasi, kisha jangwa la mawe ambamo hata ndege ni wa kuhesabu. Juu kabisa, kwenye uwanda wa kasoko, wastani wa joto la mwaka ni takribani nyuzi 7 chini ya sifuri. Hapo barafu haidondoki maji mchana kutwa kama kipande kilichosahauliwa ndani ya glasi. Sisemi kwamba haiyeyuki kabisa. Huyeyuka, hasa kwenye miteremko ya chini na pale jua linapoipiga kuta zake zilizosimama wima. Lakini sehemu kubwa ya barafu ya huko juu hutoweka kwa njia nyingine: hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kwa nguvu ya jua na ukavu wa hewa.

Njia hiyo hutumia nishati nyingi mno. Kuigeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke huhitaji nishati zaidi ya mara nane ya ile inayotosha kuiyeyusha. Nishati hiyo hutoka juani, na barafu ina ngao moja tu dhidi ya jua, nayo ni theluji mpya. Theluji iliyoanguka jana huweza kurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Barafu kuukuu, iliyochakaa na kupakwa vumbi, huweza kurudisha chini ya nusu. Kwa hiyo msimu mmoja mkavu huidhuru barafu mara mbili: huinyima chakula kipya, na huivua nguo mbele ya jua la ikweta. Ndiyo maana watafiti waliopima mizania ya barafu ya Kibo, akina Thomas Mölg, Nicolas Cullen na Douglas Hardy, walikuta kwamba inauhisi upungufu wa theluji kwa ukali zaidi kuliko inavyolihisi ongezeko la joto la hewa peke yake.

Sasa swali ambalo mtoa mada wetu hakulifikia kabla ya chai: theluji ya Kibo hutoka wapi? Hutoka baharini, katika Bahari ya Hindi, hii hii inayopiga kuta za Ngome Kongwe na kulowesha miguu ya wauza pweza wa Ferry. Wahenga wetu wa pwani waliijua nusu ya habari hii bila kipimajoto. Walijua kaskazi na kusi, walijua upepo upi unaleta majahazi na upi unayarudisha, na wakulima wa bara walipanga mbegu kwa vuli na masika. Kilichoongezwa na sayansi ni ile nusu ya pili: kwamba bahari yenyewe ina hali zake, na hali hizo hubadilika.

Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti yalichapisha katika jarida la Nature maelezo ya jambo ambalo wengi sasa wanaliita dipoli ya Bahari ya Hindi. Kwa lugha nyepesi ni hivi. Katika miaka ya kawaida maji yenye joto zaidi hulala upande wa mashariki, karibu na Indonesia, na mvua kubwa huwa huko. Katika miaka mingine maji ya pwani ya Sumatra hupoa, maji ya upande wetu hupata joto, upepo wa ikweta hugeuka na kuvuma kuja magharibi, na unyevu wote ule hushushwa Afrika Mashariki. Bahari ikielekea upande mmoja, vuli yetu hufurika; ikielekea upande wa pili, vuli hukatika.

Vuli ya mwaka 1961 ilikuwa ya kufurika. Wenye umri wanakumbuka, au walisimuliwa. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na ndani ya miaka michache likawa limepanda zaidi ya mita mbili. Katika vuli hiyo hiyo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha Mwenge na bendera ya Tanganyika huru kwenye kilele cha Kibo. Tumeufundisha usiku huo katika kila darasa la uraia. Sijawahi kuona kitabu cha shule kinachomwambia mtoto kwamba mvua zilizowanyeshea waliosherehekea uhuru zilitokana na bahari iliyokuwa imegeuka upande wetu, na kwamba bahari hiyo hiyo ndiyo huilisha au huinyima barafu iliyokuwa chini ya buti za Luteni.

Iligeuka tena mwaka 1997. Iligeuka mwaka 2019, kwa nguvu isiyoonekana kwa miongo mingi. Iligeuka mwaka 2023, ikisaidiana na El Niño, na asubuhi ya tarehe 3 Desemba matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaifunika sehemu ya mji wa Katesh. Jambo analozungumza mtaalamu wa barafu huko kileleni na jambo analozungumza mkuu wa wilaya akiwa amevaa buti za mvua ni jambo moja, lina chanzo kimoja, na tunalishughulikia kana kwamba ni mambo mawili yasiyojuana.

Turudi kwa mkata kuni. Kama yeye ndiye mwenye kosa, tungetarajia barafu ianze kupungua pale misitu ilipoanza kupungua kwa kasi. Haikuwa hivyo. Kumbukumbu zilizopo zinaonyesha kwamba kurudi nyuma kwa barafu kulianza karibu na mwaka 1880, wakati hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka na Ziwa Victoria lenyewe kushuka sana. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Aliporudi mlimani mwaka 1898, miaka tisa tu baadaye, alistaajabu jinsi barafu ilivyokuwa imesogea. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya takribani kilomita 12 za mraba. Kufikia mwaka 2007 asilimia 85 yake ilikuwa imekwenda, na mwaka 2011 zilibaki chini ya kilomita mbili za mraba. Sehemu kubwa ya anguko hilo ilikwisha kutokea kabla mama wa kwenye picha hajazaliwa, na huenda kabla bibi yake hajajua kushika panga.

Hata hivyo swali la miti lilistahili kupimwa kwa haki, na lilipimwa. Mwaka 2012 Mölg na wenzake walichapisha utafiti uliouliza swali hili hili: mabadiliko ya uoto kwenye miteremko ya Kilimanjaro tangu miaka ya 1970 yamechangia kiasi gani katika kupotea kwa barafu? Waliijenga angahewa ya mlima ndani ya kompyuta, wakaipa uoto wa zamani, kisha uoto wa sasa, wakalinganisha. Walikuta mchango wa mabadiliko ya uoto ni mdogo. Utafiti ule umekuwapo kwa zaidi ya muongo mmoja. Si siri, si wa kulipia roho. Mtu anayesimama mbele ya watumishi wa umma na kuwatolea hukumu wanakijiji alikuwa na muda wa kutosha wa kuusoma.

Hapa lazima niongee na kundi lingine, maana najua wapo wanaonisoma kwa furaha isiyo halali. Wapo waliolichukua jambo la ukavu wa hewa wakaligeuza ushahidi kwamba ongezeko la joto duniani ni hadithi. Riwaya ya Michael Crichton ya mwaka 2004 iliutumia mlima wetu hivyo. Filamu ya Al Gore ya mwaka 2006 iliutumia kwa upande wa pili, kama kielelezo kisicho na mjadala. Mwaka 2007 mzazi mmoja wa Uingereza aliipeleka serikali yake mahakamani kupinga filamu hiyo kugawiwa mashuleni. Jaji wa Mahakama Kuu huko London alikubali kwamba kwa jumla filamu ilisimama juu ya sayansi, lakini akaorodhesha mambo tisa yaliyovuka ushahidi, na Kilimanjaro ilikuwa mojawapo.

Kaeni kidogo na picha hiyo. Mlima uko Moshi na Rombo, na hatima ya theluji yake inabishaniwa na mawakili wenye mawigi mjini London. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo akiwa njiani na kiongozi wake wa safari, Bwana Kheri, ambaye kwa kukosa jina jingine alikiita kile cheupe "baridi". Habari ilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuukaribia mlima, aliikataa katakata: theluji haiwezekani karibu na ikweta. Ilichukua miaka kadhaa na safari ya Baron von der Decken ndipo ubishi ukaanza kuzimika. Ushahidi wa Bwana Kheri, aliyeielewa hali ya hewa ya kule juu kwa ngozi yake mwenyewe, haukuhesabiwa na yeyote.

Kwa hiyo wanaoshangilia wasishangilie. Kusema kwamba barafu inaisha kwa ukavu si kusema kwamba wenye viwanda hawahusiki. Angahewa haikauki wala kulowana kwa hiari yake. Huamriwa na bahari, na bahari inapashwa joto. Mwaka 2014 mtaalamu wa India, Roxy Mathew Koll, na wenzake walionyesha kwamba maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, yameongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu mwanzo wa karne ya 20 katika miezi ya kiangazi cha kaskazini, kasi kubwa kuliko sehemu nyingi za bahari za tropiki. Kilichoanza mwaka 1880 huenda kilianza kwa mizunguko ya asili. Kinachozuia barafu isipone sasa hakiwezi kutenganishwa na bahari inayobadilishwa na binadamu. Lakini ni binadamu gani? Hapo ndipo picha ya tatu ya warsha ilipokuwa uongo mchafu. Moshi wa jiko la mafiga matatu hauipashi joto Bahari ya Hindi.

Kwa upande huo huo wa kuchanganya mambo, mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika mtihani kwamba kuyeyuka kwa barafu ya Kilimanjaro ndiko kunakoipandisha bahari kule Pangani na Kilwa. Nilimpa sifuri, kisha nikajirudi nikafanya hesabu, kwa sababu nilishuku hata walimu wengi wangeandika hivyo hivyo. Chukua barafu yote ya mwaka 1912, kilomita 12 za mraba, uipe unene wa ukarimu wa mita 50, uimwage yote baharini kwa siku moja. Bahari ya dunia itapanda kwa chini ya elfu mbili za milimita, yaani pungufu hata ya unene wa unywele. Barafu itakayoamua hatima ya Kilwa iko Greenland na Antaktika. Kule, maji ya vilindi yenye joto kiasi husukumwa na upepo chini ya barafu kama ile ya Thwaites, yakailamba kwa chini. Barafu hiyo moja ikiondoka yote, bahari itapanda kwa wastani wa zaidi ya nusu mita. Tena barafu kubwa ikipungua, mvuto wake juu ya maji yanayoizunguka hupungua pia. Maji husogea mbali, na sisi wa ikweta ndio tulio mbali. Mwanafunzi nilimwongezea alama mbili kwa kujua walau kwamba barafu na bahari ni ndugu.

Nimefika kwenye kiini cha hasira yangu. Kila nilichokitaja hadi hapa kimepimwa na wengine. Kituo cha kupima hali ya hewa kwenye barafu ya kaskazini ya Kibo kiliwekwa mwaka 2000 na watu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Kile cha mteremko wa kusini kiliwekwa na Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria. Mihimili sita ya barafu iliyochimbwa mwaka 2000 na Lonnie Thompson na kundi lake, yenye kumbukumbu za vumbi na ukame wa maelfu ya miaka, iko ndani ya majokofu mjini Columbus, Ohio. Thompson aliikadiria barafu ya chini kabisa kuwa na miaka 11,700. Wenzake wengine wanaupinga umri huo. Ni mjadala mzito juu ya historia ya mvua katika ardhi yetu, na sisi tunaufuatilia kama watazamaji wa mpira wa ligi ya ng'ambo, tukigawana ushabiki.

Siwalaumu hao. Wangekuwa wamekaa makwao, tungekuwa hatuna hata hiki cha kubishania. Baharini nako ni hivyo. Mtandao wa maboya yanayopima joto na upepo wa Bahari ya Hindi ulianza kusimikwa mwaka 2004, na jina lake rasmi lina neno Afrika ndani yake. Lakini upande wa magharibi, huu wetu, ulichelewa kuliko pande nyingine, sababu mojawapo ikiwa maharamia wa Kisomali. Maharamia wamepungua. Ungependa kujua ni serikali ngapi za pwani hii zilizokwenda kwenye mabaraza yao ya bajeti zikadai boya. Mimi pia ningependa kujua.

Na tusikimbilie kudai boya la baharini wakati ndoo ya mvua imetushinda. Miaka michache iliyopita nilipita katika kituo kimoja cha kupimia mvua, mahali ambapo sitapataja kwa sababu mzee aliyenikaribisha ni mwema na asingepona na wakubwa. Kipimamvua kilikuwa kimeliwa na kutu, kimeegemea uzio. Ndani ya kabati kulikuwa na madaftari yaliyojazwa kwa mkono kila siku saa tatu asubuhi kwa miongo na miongo, hati nzuri ya kalamu ya wino, milimita na sehemu zake. Yaliishia mwaka ambao mpimaji alistaafu. Hakuna aliyeajiriwa mahali pake. Mzee alisema aliandika barua mbili, zikapokelewa, zikagongwa muhuri. Nilimwuliza kama kuna mtu amewahi kuja kuyachukua yale madaftari ayaingize kwenye kompyuta. Akacheka, akasema panya wanakuja.

Gharama ya mpimaji mmoja kwa mwaka haifiki gharama ya mapambo na maji ya chupa ya warsha ile ya siku mbili. Naisema hii kwa utafiti mdogo nilioufanya kwa macho, nikihesabu meza. Watumishi wa umma mnaonisoma mnajua kwamba sijatia chumvi. Mnajua kwamba kifungu cha warsha hupita na kifungu cha vifaa vya kupimia hukatwa. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na masika unaotaja joto la bahari, na miaka ya karibuni utabiri huo umekuwa ukisaidia kwelikweli. Naupongeza bila kejeli. Lakini utabiri wowote hupimwa kwa mvua iliyonyesha, na penye kituo kilichokufa hakuna anayejua ilinyesha ngapi.

Sasa niurudie msitu kama nilivyoahidi, kwa sababu hapa ndipo uongo juu ya barafu unapoudhuru hata msitu tunaodai kuutetea. Maji ya chemchemi, ya mifongo ya Wachagga na ya Mto Pangani kwa sehemu kubwa sana hayatoki kwenye barafu. Yanatoka kwenye mvua inayonyesha juu ya ukanda wa msitu, na kwenye ukungu unaonaswa na matawi na kuvumwani kwenye miti ya juu. Andreas Hemp, aliyeishi na kuufanyia kazi mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto ulivyoushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mita mia kadhaa tangu miaka ya 1970, na kwa hiyo kuupunguza mtego huo wa ukungu. Moto huo nao ni mtoto wa hali ya hewa iliyokauka. Huwaka juu kule kwenye miti ya erika, mbali na njia za mama wa kuni, kama ulivyowaka Oktoba 2020 tukauona kutoka mbali kama mkufu wa taa usiku.

Mtu akiamini kwamba maji yake yanatoka kwenye barafu, ataiombolezea barafu na kuusahau ukungu. Akiamini kwamba adui ni mzigo wa kuni, atamkamata mama na kuuacha moto bila doria, bila vifaa, bila barabara za kuzuia moto. Na hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Wakoloni walitenga ukanda wa nusu maili pembeni mwa msitu ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu, na tangu hapo ugomvi wa nani aingie, siku gani, kwa kibali cha nani, haujaisha. Inawezekana kabisa kuwa kuna sababu nzuri za kuweka mipaka. Niko tayari kuzisikiliza. Lakini sababu hiyo isiwe barafu, kwa maana barafu haimo katika ugomvi huo. Kumnyima mtu kuni kwa jina la kitu ambacho kuni zake hazikigusi ni dhuluma iliyovishwa koti la maabara.

Na tujiulize kwa nini simulizi hii inapendwa hivi. Simulizi ya bahari na angahewa haina mtu wa kukamata. Inataka vyombo, wataalamu, subira ya miaka thelathini, na mazungumzo magumu na mataifa yaliyochoma makaa ya mawe na mafuta kwa karne mbili. Simulizi ya mkata kuni inataka askari wawili na gari. Inampa kiongozi adui aliye karibu, asiye na wakili, asiyesoma majarida, na asiyealikwa kwenye warsha. Inampa mfadhili naye mradi wa miaka mitatu wenye picha nzuri za miche. Kila mtu mezani anashiba isipokuwa aliyeko kwenye picha.

Ubashiri nao tuutazame kwa macho makavu. Mwaka 2002 Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka imepita na vipande bado vipo. Nimewasikia vijana wakisema: basi walitudanganya. Hapana. Walikadiria kwa mwendo wa kupungua uliokuwapo, na barafu inayolishwa na bahari yenye vipindi haifuati mstari mnyoofu. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa tena tahadhari kwamba barafu iliyobaki katika maeneo ya urithi wa dunia ya Afrika, Kilimanjaro ikiwamo, huenda isivuke mwaka 2050. Huenda ikawahi, huenda ikachelewa. Atakayejua kwa uhakika ni yule atakayekuwa amepima theluji iliyoanguka kila msimu, na kwa hali ilivyo huyo hatakuwa mmoja wetu.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wameshaniuliza tufanye nini, na nimewapa kazi badala ya jibu. Kila mmoja ataanza na wilaya anakotoka: vituo vya mvua vilivyokuwapo mwaka 1990, vilivyopo sasa, na madaftari yako wapi. Hatutaki ruzuku kwa hilo, tunataka nauli na simu zenye kamera. Wasomaji mlioko kwenye halmashauri, kwenye mabonde ya maji, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge na kahawa ambako wapimaji walikuwapo, mnaweza kuturahisishia kazi. Mwenye daftari kabatini aliweke mbali na panya, apige picha kurasa zake, aniandikie. Yule mzee wa kwenye kituo nimeshampelekea sanduku la bati lenye kufuli.

Na kwa mwandaaji wa warsha ile, kama ananisoma: nasikia kuna awamu ya pili mwezi wa tisa. Nitakuja, hata bila posho. Mkono nitaunyosha kabla ya chai.